Acheni kutuambia "zote ni 2.4"

Wadau, leo hakuna video. Nimeamua kuandika, manake hili jambo nikiliongea mbele ya kamera nitakasirika, na nyinyi mtacheka.

Mnaonifuata mnalijua lori langu. Lile la bati na mbao, magurudumu ya ndala kuukuu, nililoanza kuunda likizo hapa nyumbani Mackinnon Road. Huku malori yanapita usiku na mchana kwenda na kutoka Mombasa, kwa hivyo mtoto wa hapa akiunda kitu cha kwanza, ni lori. Mimi nilitaka langu litembee lenyewe: mota nyuma, usukani mbele, tipa inayoinuka, na mimi nimekaa kando na rimoti kama bosi.

Rimoti nilikuwa nayo. Nilipewa na binamu yangu wa Ukunda baada ya gari lake kuingia maji ya chumvi pale Diani na kila kitu ndani kuoza. Nilichokosa ni risiva, kile kisanduku kidogo kinachokaa ndani ya gari, kinachopokea amri za rimoti na kuzipeleka kwa mota. Nikauza maji barabarani wiki kadhaa. Pesa zilipotimia nikamuuliza muuzaji mmoja mtandaoni swali moja tu: "Itashika na rimoti yangu?" Akajibu: "Usijali bro, zote ni 2.4."

Nikatuma pesa. Kifurushi kikaja na basi. Nikaunganisha waya, nikabonyeza, nikasubiri. Taa ya risiva ikawa inapepesa tu. Siku tatu nilikuwa najaribu. Nikabadilisha betri, nikafungua rimoti, nikachoma waya upya. Kaka yangu akaniambia, "Wewe si fundi, achana nayo." Na kusema kweli nilikaribia kumwamini.

Sasa nisikilizeni. Hiyo 2.4 ni gigahezi 2.4, yaani masafa ambayo mawimbi yanapita. Wi-Fi nyingi zinatumia masafa hayohayo. Bluetooth ya simu yako iko hapohapo. Mbona basi spika yako ya Bluetooth haiendeshi lori langu? Kwa sababu kuwa kwenye masafa mamoja si kuongea lugha moja. Watu wawili wanaweza kukaa matatu moja, mmoja anaongea Kichina na mwingine Kiduruma. Wako pamoja, lakini hawaelewani.

Watu wa huku tungefaa kulielewa hili haraka kuliko mtu yeyote. Tuna reli mbili. Ile ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa 1896 na kufika Kisumu 1901, upana wake kati ya chuma na chuma ni milimita 1000. Ile mpya ya SGR, iliyoanza kubeba abiria 2017, ni milimita 1435. Zote ni reli, zote ni chuma, zote zinaenda Nairobi. Chukua behewa la ile ya zamani uliweke juu ya SGR uone kama litasonga hata hatua moja. Hakuna anayesema "zote ni reli" halafu akakuuzia behewa. Mbona kwenye rimoti tunakubali?

Lugha zenyewe ndizo hizi, kwa ufupi. FlySky wana AFHDS ya zamani na AFHDS 2A iliyofuata. Rimoti yangu ni ya AFHDS. Risiva niliyouziwa ni AFHDS 2A. Jina la kampuni ni lilelile juu ya zote mbili, na bado hazikuelewana. Spektrum wanatumia DSM2 na DSMX. Futaba wana FASST, na pia S-FHSS, na hizo ni lugha mbili tofauti. FrSky wana D8, D16 na ACCESS, na ile D16 ilibadilishwa 2020, kwa hivyo rimoti yenye programu ya zamani haishiki risiva yenye programu mpya. Halafu kuna ExpressLRS, ambayo programu yake ni huria na risiva zake zinatengenezwa na kampuni nyingi. Hiyo nayo ina masharti: masafa yalingane, manake iko ya 2.4 na iko ya 900, na toleo kuu la programu lilingane pande zote. Toleo la 2 na la 3 hazishikani.

Kwa hivyo jina la kampuni halitoshi. 2.4 ndiyo kabisa haitoshi. Kitu cha kuangalia ni jina la lugha.

Na hapa ndipo nina maoni ambayo wengine hamtayapenda: mtu anayeanza achague risiva kwanza, rimoti baadaye. Najua rimoti ndiyo tamu. Ina skrini, ina swichi, unaishika mkononi unapiga picha. Lakini rimoti unanunua moja. Risiva utanunua ya lori, kesho ya boti, na nyingine ya kuweka mahali pa ile iliyoungua. Ukinunua rimoti kali ambayo risiva zake hazipatikani, au moja inakula akiba ya miezi miwili, umejifunga mwenyewe. Kwa magari na boti za kawaida, mimi naona mtu aanze na AFHDS 2A. Si kwamba ndiyo bora duniani. Risiva zake ni za bei nafuu na watu wengi wanazo, kwa hivyo siku yako ikiharibika unaweza kuazima.

Kuna mdau atasema, "Nunua rimoti ya lugha nyingi, yamekwisha." Ni kweli zipo, zenye moduli ya chipu nne, zinaongea FlySky, FrSky, Spektrum na nyingine nyingi. Ukiwa na pesa, nunua, hutajuta. Lakini hata hiyo haiongei kila kitu: FASST haimo, na ExpressLRS inahitaji moduli yake. Bado itabidi usome jina la lugha. Na kijana anayeuza maji ili apate risiva moja usimwambie dawa ni kununua kitu ghali zaidi.

Kabla hujatuma pesa, uliza maswali manne. Lugha yake inaitwaje, na ni toleo gani? Ina chaneli ngapi? (Lori langu linataka tatu: mwendo, usukani, tipa.) Inataka volti ngapi? Rimoti ikizimika, inafanya nini? Hilo la mwisho msilichukulie poa. Risiva nzuri inaweza kupangwa ikikosa mawimbi izime mota. Ijaribu magurudumu yakiwa hewani: zima rimoti, tazama. Kama mota inaendelea kuzunguka, usiliachie gari mahali watoto wanacheza.

Na mnaotaka kurusha, hio ni habari nyingine. Tangu 2020 kuna kanuni za ndege zisizo na rubani chini ya KCAA, na Ukunda kuna uwanja ambao ndege zenye watu zinatua. Soma kanuni kwanza. Lori likikosa mawimbi linagonga ukuta. Kitu cha angani kinamwangukia mtu.

Wauzaji, nanyi ombi langu ni dogo: andikeni jina la lugha kwenye tangazo. Ni neno moja. Kama hujui, sema hujui, mtu atatafuta. "Zote ni 2.4" inamla mtu akiba yake, halafu inamfanya aamini kwamba yeye ndiye mjinga. Wangapi wameacha kuunda vitu kwa sababu hiyo? Mimi nilibakisha kidogo tu.

Lori linatembea sasa. Nilipata risiva ya AFHDS kutoka kwa kijana mmoja wa Msambweni, imetumika lakini nzima. Ilishika mara ya kwanza. Kaka yangu alikuwa mlangoni, akaangalia tipa ikiinuka, akasema, "Nipe nijaribu."

Ile nyingine bado ninayo, AFHDS 2A, chaneli sita, haina tatizo lolote. Kama una rimoti inayoongea lugha yake na una kitu cha kubadilishana, niandikie. Lakini nitumie picha ya maandishi ya nyuma ya rimoti kwanza. Ukiniambia "ni 2.4", sijibu.