Usinunue Dawa ya Damu Kabla ya Kupimwa

Kuna desturi ambayo ni lazima tuiache. Mtoto akipauka viganja na kuchoka ovyo, tunakimbilia duka la dawa kununua chupa ya "kuongeza damu". Homa ikimshika, tunasema ni malaria. Isipoisha, na hasa kama kwao ni kwa wafugaji kama Ewuaso Kedong, kaunti ya Kajiado, tunasema ni brusela ya maziwa. Majuma yanapita.

Pengine ni kweli. Lakini pengine ni lukemia kali, saratani ya damu ambayo isipotibiwa huua kwa majuma au miezi michache.

Mwili una vichocheo vyake vya kukuza chembechembe za damu. Kimoja ni erithropoietini, ambacho hutengenezwa zaidi na figo. Damu ikipungua, figo hukitoa kwa wingi ili uboho ulio ndani ya mifupa uongeze chembechembe nyekundu. Katika lukemia kali, uboho huo umejaa chembechembe changa zisizokomaa, kama shamba lililomezwa na magugu. Ndiyo maana wataalamu wakipima damu ya wagonjwa hao, mara nyingi hukuta kichocheo hicho kiko juu, na bado damu haiongezeki. Amri imetolewa, ila hakuna nafasi ya kuitekeleza. Je, chupa ya madini ya chuma itafaa nini hapo?

Hatua ya kwanza ni kipimo cha hemogramu, ambacho huhesabu chembechembe nyekundu, nyeupe na zile za kugandisha damu. Kiombe ukiona homa isiyokoma, weupe wa viganja, fizi kutoka damu, michubuko bila kuumia au maumivu ya mifupa. Matokeo yakitia shaka, mgonjwa apelekwe hospitali ya rufaa, kama ile ya Kenyatta jijini Nairobi, akapimwe uboho.

Nayo serikali ya kaunti ihakikishe kwamba damu iliyotolewa katika zahanati ya mashambani inafika kwenye maabara siku hiyo hiyo.

Katika nchi tajiri, takriban watoto 9 kati ya 10 wenye aina ya lukemia kali inayowapata watoto zaidi hupona. Wewe unayeishi Ngong, Kitengela au Nairobi na una jamaa mashambani, wapigie simu leo. Waambie wapime kwanza, wanunue dawa baadaye.