Jua ni la Bure, Mbona Twawaficha Watoto?

Mkulima mwenye bidii humtunza ng'ombe wake kwa chumvi ya madini, na kuku wake huwapa chokaa ili wasitage mayai yenye ganda laini. Hilo ni jambo jema. Lakini ingia nyumbani mwake. Pengine utamkuta mtoto amefunikwa mablanketi kutwa katika chumba chenye giza, na maziwa yote yamepelekwa chama cha ushirika. Kwa maoni yetu, hesabu hiyo si sawa.

Mifupa hujengwa kwa madini ya kalsiamu na fosforasi. Kalsiamu hupatikana katika maziwa, wimbi, sukuma wiki, na omena waliwao pamoja na mifupa yao. Lakini kula tu hakutoshi. Bila vitamini D, matumbo hayawezi kufyonza kalsiamu ya kutosha. Damu nayo haina budi kuwa na kalsiamu, maana moyo na misuli huihitaji daima. Basi mwili huitoa mifupani, kama mtu abomoaye nguzo za nyumba apate kuni. Mifupa ya mtoto hulegea, na aanzapo kutembea miguu hupinda. Hayo ndiyo matege. Mtu mzima naye huumwa na mifupa, nayo huvunjika upesi.

Vitamini D hutengenezwa na ngozi ipigwapo na jua. Mwaka 1919 daktari Kurt Huldschinsky wa Berlin aliwatibu watoto wenye matege kwa mwanga wa taa maalumu, nao wakapona. Sisi hatuhitaji taa. Lakini jua lipitalo katika kioo cha dirisha halifai kazi hiyo, na ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu kuliko nyeupe. Maziwa ya mama ni chakula bora cha mtoto mchanga, ila yana vitamini D kidogo.

Wengine watasema baridi ya milimani itamletea mtoto kichomi. Basi ngojeni ukungu uondoke, kisha mtoeni nje, mikono na miguu ikiwa wazi, bila kumwacha aungue. Mtoto aliyechelewa kutembea, au aliyevimba vifundo vya mikono, apelekwe zahanati mapema.

Tena, kabla ya maziwa kwenda sokoni, watoto waliokwisha kuacha kunyonya wapewe kikombe chao kwanza. Fedha ya maziwa ni nzuri, lakini mtoto mwenye miguu iliyonyooka ndiye atakayelima shamba hilo kesho.