Joto Langu na Shaka ya Tabibu
Tangu tabibu Carl Wunderlich wa Leipzig alipoeneza, mwaka 1868, ya kuwa joto la mwanadamu mzima ni nyuzi 37, sisi ambao kwa maumbile hatuzidi 35.8 twakanushwa: huungulika kwa homa, kipimajoto kikasoma 37.2, na tabibu akatuambia tu wazima. Machi 2023, maradhi ya Marburg yalipotangazwa mkoani Kagera, yakafisha watu 6 katika 9 walioambukizwa, kupima wasafiri joto kulikuwa wajibu. Lakini mimi, nikitoka Muleba kwenda Bukoba, nilihofu homa yangu ingepita bila kutambulikana. Basi naomba, kwa taadhima, kila zahanati iandike daftarini joto la mtu angali na afya, na tabibu asaili kabla ya kuhukumu.