Majaribio ya magari yasisahau barabara za vijijini



Naomba nitoe maoni yangu kuhusu jinsi magari yanavyojaribiwa kabla ya kuuzwa.

Mtengenezaji hawezi kungoja miaka 10 aone kama chasisi itapasuka. Kwa hiyo hufunga vipimo kwenye ekseli na chasisi, huliendesha gari barabarani na kurekodi kila mtikisiko. Kisha rekodi hiyo hufupishwa: sehemu laini hukatwa, mashimo hubakizwa, na mashine ya kutikisa hurudia kipande hicho kifupi usiku na mchana. Safari za miezi mingi huwa kazi ya siku chache.

Huu si uchawi. Darasani huwapa watoto waya waupinde. Ukipindwa sana hukatika upesi. Ukipindwa kidogo huchelewa, lakini nao hukatika. Mjerumani August Wöhler alilichunguza jambo hili kwa ekseli za magari-moshi tangu miaka ya 1850, na mwaka 1945 Mmarekani M. A. Miner alieleza namna ya kujumlisha madhara ya mikazo mikubwa na midogo. Kwenye viungo vya kuchomelea, mkazo ukiwa mara 2, madhara huwa karibu mara 8. Ndiyo maana mashimo machache huweza kushinda kilomita nyingi za lami.

Wasiwasi wangu ni kwamba hesabu hiyo ni ya kupasuka kwa chuma tu. Haihesabu nati inayolegea wala shokapu inayopata moto. Barabara ya changarawe yenye vimawimbi kama bati haina pigo kubwa. Ina mtikisiko mdogo usiokoma kwa saa 3. Anayefupisha akiudharau ataufuta, na gari litafaulu. Kisha lije huku kwetu limebeba mama mjamzito, boliti za springi zilegee porini. (Sisi walimu tunajua: mtoto hufaulu yale aliyoulizwa.) Wengine huongeza nguvu ya mitikisiko ili wamalize mapema zaidi, hata chuma kikapinda kwa namna ambayo barabara isingekipinda kamwe.

Naomba wataalamu wa Nyumbu, Kibaha, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji wapime barabara zetu za changarawe, wakati wa kiangazi na baada ya masika, na rekodi hizo wapewe waunda mabodi ya mabasi. Nao wanaoagiza magari ya wagonjwa wamwulize muuzaji: jaribio lako lilifupishwa kutoka barabara ipi, na ulikata nini?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kondoa.