Butembo: Rulma mpya haiingizwi kwa nyundo

Gurudumu la nyuma likianza kuyumba, wamotari wengi wa Butembo wanafungua pikipiki palepale kwenye parking, kwa nyundo na tindo. Rulma ya zamani inatoka, hilo ni kweli. Shida inaanza wakati mpya inaingizwa: ikipigwa kwenye duara ya ndani, nguvu inapita kwenye goroli na kuacha alama ambazo macho hayaoni. Majuma machache, mlio unarudi, na lawama inamwangukia muuzaji kwamba aliuzisha feki. Feki ziko, nani hajui? Lakini hata rulma ya asili haivumilii nyundo ya namna hiyo.

Feza inayoishia kwenye rulma kila mara ingepashwa kwanza kununua ekstrakteri. Si lazima kila motari awe na yake. Parking inayojua kufanya likelemba inaweza kupata moja ya wote. Anayetumwa sokoni abebe rulma ya zamani, sababu namba iliyoandikwa juu yake ndiyo inaonyesha kipimo: 6301 ina tundu la milimita 12, 6202 ya 15, na chombo kinapashwa kuingia humo na kushika. Kwa kuingiza mpya, duyi pana inayosukuma duara ya nje peke yake inatosha. Hiyo mafundi wengi wanayo tayari.

Mama anayeshuka mteremko wa udongo wakati wa mvua, mtoto mgongoni, hana namna ya kujua rulma iliingizwa vipi.