Kukusanya Si Kujenga

Kila mwaka vyuo vikuu vya Marekani hugombania vijana hodari wa mpira wa Kimarekani, mchezo ule wa mikono na mabega. Wachunguzi huwapa vijana hao nyota, na walio bora kabisa hupata tano. Kisha vyuo hupangwa kwa hesabu ya nyota vilizovuna, na wengi hudhani kwamba aliyevuna nyingi amekwisha shinda. Sivyo hata kidogo.

Mwaka 2022 chuo cha Texas A&M kiliandikisha kundi lililosifiwa kuwa la kwanza katika nchi nzima. Septemba ya mwaka ule ule, katika uwanja wake wenyewe, kilishindwa 17 kwa 14 na Appalachian State, chuo kisichokaribia sifa hizo. Msimu ukaisha kwa ushindi mara 5 na kushindwa mara 7.

Sababu zaonekana wazi. Nyota hupima kijana wa miaka 17 akicheza na watoto wenzake, lakini chuoni hukutana na watu wa miaka 22. Tena, wale watano wa mstari wa mbele wanaomlinda mtupaji wa mpira lazima waende kama mtu mmoja. Akikosea mmoja, kazi ya wanne imepotea. Umoja huo hauandikishwi kwa kalamu. Na tangu mwaka 2021 mchezaji aweza kuhama na kucheza mara moja kwingineko. Aliyekalishwa pembeni hangoji.

Hebu tutazame Indiana. Mwaka 2023 ilishinda michezo 3 tu kati ya 12. Akaja mwalimu Curt Cignetti, akifuatana na wachezaji zaidi ya 10 kutoka James Madison, chuo alichokuwa akifundisha, walioujua tayari utaratibu wake. Mwaka 2024 Indiana ilishinda mara 11, ikashindwa 2.

Hatusemi kwamba vipaji si kitu. Georgia, bingwa wa misimu ya 2021 na 2022, ilivuna nyota kwa wingi. Lakini ilivuna ikafundisha. Mfanyakazi yeyote ajua kwamba matofali na saruji vilivyorundikwa kiwanjani si nyumba, hata vikiwa vya bei kubwa namna gani.

Linalotuudhi ni jinsi hasara inavyogawanywa. Mwalimu wa Texas A&M, Jimbo Fisher, alipoachishwa kazi Novemba 2023, mkataba wake ulimpa haki ya kulipwa zaidi ya dola milioni 75. Vijana wengi wa kundi lile walitawanyika, na wengine wakabaki na jina la kushindwa kabla hawajatimiza miaka 20. Kosa la wajenzi lilibandikwa kwenye matofali.

Wakubwa wa vyuo hivyo na waulizwe basi, si wamekusanya wangapi, bali wamewafundisha nini. Wingi si hoja.