Daftari za Serikali ni za Nani?

Mwananchi aendapo afisini kuomba kuona daftari za serikali, swali la kwanza aulizwalo ni, "Wazitakia nini?" Hilo ni swali la mwenye mali, na karani si mwenye mali. Karatasi, wino, na hata kiti akikaliacho, vimenunuliwa kwa kodi ya huyo huyo asimamaye dirishani.

Katiba ya 2010, kifungu cha 35, imempa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Sheria ya mwaka 2016 yasema halazimiki kutoa sababu. Aombe kwa Kiswahili au Kiingereza, naye ajibiwe katika siku 21. Saa 48 ikiwa uhai au uhuru wa mtu u hatarini.

Wako wasemao kwamba siri hulinda nchi. Siri za namna hiyo zipo, sikatai, na sheria imezitenga. Lakini tazama yaliyotupata. Waingereza walipoondoka mwaka 1963 walichukua majalada ya Kenya yapatayo 1,500, wakayaficha kwao. Serikali yao iliungama mwaka 2011 tu, baada ya wazee wa Mau Mau kuishtaki kwa mateso. Na mwaka 2013 ikakubali kuwalipa watu 5,228. Wangapi walikuwa wamekwisha kufa? Siri ile ililinda watesaji.

Basi, kijana, ukiulizwa dirishani wazitakia nini, usijibu. Toa barua yako, dai igongwe muhuri wa tarehe, kisha anza kuhesabu siku.